Ua Juu ya Kaburi la Akinyi

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyoolewa. Kilikuwa kiangazi, nyasi zimechomwa, na trekta ya kulimia miwa imesimama mbele ya boma letu ikinguruma kama mtu aliyeudhiwa. Nitakueleza yaliyotokea siku hiyo, na nitakueleza polepole, kwa sababu shule mimi niliiacha mapema na sijui kueleza jambo kwa kulirukaruka. Kaa chini. Kama una haraka, nenda kwanza ukamalize haraka zako ndipo urudi.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Nilizaliwa Port Victoria, kwenye samaki, Mnyala kwa baba na kwa mama. Niliolewa huku juu, upande wa Muhoroni, kwa Wajaluo wanaolima miwa. Tangu siku niliyofika waliniita Nyar Bunyala, yaani binti wa Bunyala, na mpaka leo wapo wazee hapa ambao hawalijui jina langu la ubatizo. Dholuo ilikuwa bado inanishinda, kwa hivyo mama mkwe wangu alinisemesha kwa Kiswahili chake cha sokoni. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimevunjika, lakini ukali wake haukuvunjika hata kidogo.

Mume wangu alikuwa kazini Kisumu. Nyumbani tulibaki watatu: Mama, mimi, na shemeji yangu Okeyo, kitinda mimba wa Mama. Mama alikuwa ameanguka akitoka kisimani, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Hakuweza kutembea tena. Alishinda ameketi mlangoni pake juu ya ngozi ya ng'ombe, akichambua mboga na kutuchambua na sisi.

Ng'ambo ya kijito kulikuwa na gunda. Gunda ni boma lililohamwa. Baba mkwe, kabla hajafa, alihamisha watu wake kutoka kule akawaleta huku karibu na barabara, na zile nyumba za zamani zikaanguka zikarudi kuwa udongo. Miaka ilipita, kichaka kikaota. Okeyo alipopata nguvu za kiume akasema atapanda miwa kule. Hakuna ubaya, ardhi ni ya kulimwa. Alimwambia Mama kwamba atalima upande wa chini peke yake, na Mama akakubali. Wiki iliyotangulia alikuwa amechoma kichaka chote, kisha ikanyesha mvua moja ile ya kudanganya watu, halafu jua likarudi.

Trekta siku hizo ilizungushwa kwa zamu, shamba baada ya shamba. Ukiikosa siku yako, umeukosa msimu.

Dereva alikuwa mtu mnene kutoka upande wa Kakamega, amevaa gambuti kwenye jua kali, na mdomo wake haukuwa na mlango. Akapaza sauti juu ya mngurumo wa mashine yake:

"Bwana Okeyo! Nitaanza juu nishuke mpaka kwenye ile fensi ya maua. Nalima yote. Hata nyumba ya panya sibakishi!"

Mama akainua kichwa. "Wewe dereva. Zima hiyo kitu."

Akazima. Ziko sauti ambazo mtu huzitii kabla hajajua ni za nani.

"Kule gunda kuna mtoto wangu," Mama akasema. "Akinyi. Hiyo jembe yako itapita juu yake."

Dereva akavua kofia. Mzaha ulimtoka usoni. "Pole, Mama. Mimi kaburi silimi, hata nikipewa kiwanda chote cha sukari. Nionyesheni iko wapi, nitaizunguka. Lakini mnionyeshe leo. Kesho niko kwa watu wengine."

Sote tulijua kwamba Mama alizaa msichana ambaye surua ilimchukua kabla hajaota meno, na kabla Okeyo hajazaliwa. Tulijua kama mtu anavyojua habari za kanisani, zinaingia hapa zinatokea kule. Mahali alipolazwa hakuna aliyewahi kuuliza.

Okeyo akajikuna shingo. "Sasa Mama, tutajuaje? Hakuna simiti, hakuna msalaba, hakuna hata jiwe."

"Kuna ua," Mama akasema.

Hapo ndipo alipotueleza. Mtoto mchanga hakuwa akijengewa kitu. Angeweka jiwe, mtu angelibeba akajengee jiko. Angepanda mti, wake wenza na mashemeji wangesema huyu mwanamke anajipimia shamba kwa mti, na kesi ingefika kwa chifu. Kwa hivyo alikwenda kwao, vilima vya Nyakach, akachimba shina la ua la porini, akalibeba kwa kitambaa chenye maji, akalipanda upande wa kichwa cha mtoto. "Ua ya msitu hakuna mtu anataka," akasema. "Ng'ombe anakula kidogo anaacha. Moto anachoma, inarudi. Mimi nilijua itanikalia hapo."

"Ni la rangi gani, Mama?" nikauliza.

"Njano."

Nami nikaondoka mbio. Nilikuwa bibi arusi mpya bado, na bibi arusi mpya hukimbia hata akitumwa chumvi. Nikavuka kijito. Gunda lote lilikuwa jeusi kwa moto, ila kule pembeni kwenye maji fensi ilikuwa bado kijani, na juu yake maua ya njano makubwa kama visosi. Nikasema, Mungu wangu, kumbe kazi yenyewe ni rahisi. Nikavunja tawi, nikarudi nalo nimelinyanyua kama mtu aliyeshinda mbio.

Mama hakulipokea hata kwa mkono.

"Hii ni maua makech," akasema. "Iko chungu, iko kila fensi kutoka hapa mpaka Kisumu. Ilikuja na wageni. Mimi nilizaliwa, bibi yangu alikuwa anashangaa hiyo. Nyar Bunyala, huko kwenu samaki yote yenye mkia ni ngege?"

Dereva akacheka. Mimi masikio yaliniwaka.

"Sikiliza. Wewe umeleta rangi. Mimi sikukutuma rangi. Hujauliza jani yake iko namna gani. Hujauliza shina. Hujauliza kama hii ni wakati yake ya kutoa maua. Umesikia njano, umekimbia."

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nilikuwa nimeuliza neno moja tu, tena lile jepesi kuliko yote.

Nikuambie kitu kidogo hapa kabla hatujaendelea. Juzi mjukuu wangu anayefanya kazi Milimani alikuja na simu yake, akaielekeza kwenye ua hapa kando ya shamba, simu ikatoa jina papo hapo. Akafurahi. Nikamwambia geuza jani uliguse. Akaniita Dani, yaani bibi, akasema simu haihitaji kugusa. Sina vita na simu, inanipigia watoto wangu na inaniletea habari za misiba. Lakini iliona uso, basi. Maua ya ukoo huu wa alizeti yanafanana nyuso kama watoto wa baba mmoja. Ukitaka kujua nani ni nani, lazima uende jikoni kwa mama yao.

Turudi kule. Safari ya pili akaenda Okeyo. Akarudi kutoka kando ya maji na ua la njano zuri kuliko langu, jani pana, kichwa kimeinama.

"Alizeti," Mama akasema, kabla hajafika karibu. "Mbegu ya mtu imetupwa na ndege. Hiyo inaishi mvua moja inakufa. Ningemwekea mtoto wangu kitu ya kufa?"

Jua likapanda. Dereva akatazama jua, akatazama trekta, akamtazama Okeyo. Okeyo akanishika mkono, akanivuta nyuma ya ghala.

"Shemeji, tusipoteze siku. Mama hawezi kwenda kule. Nitamwambia tumeliona. Nitamwonyesha dereva mahali popote karibu na fensi, aache kipande kidogo. Mama atatulia, miwa itapandwa, na mtoto alishakuwa udongo zamani. Nani ataumia?"

"Na akiniuliza mimi?"

"Wewe ni mgeni hapa. Sema ndiyo."

Mwanangu, usimdharau Okeyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mwenye shamba la kwanza, na kijana mwenye kitu cha kwanza huona dunia nzima imekuja kumnyang'anya. Hata mimi maneno yake yaliniingia. Nilifikiri, kweli, nani ataumia?

Tukarudi. Okeyo akachutama mbele ya mama yake, akasema kwa sauti tamu, "Mama, tumelipata. Liko karibu na fensi. Dereva ataliacha."

Mama akamtazama. Kisha akageuza macho kwangu.

"Nyar Bunyala. Umeiona?"

Watu husema mwanamke aliyeolewa ugenini hana mdomo. Siku ile nilijua kwamba nikisema ndiyo, nitakuwa nimenunua amani na shemeji yangu, na nikisema hapana, nitakuwa na adui nyumba ya pili. Na niliona pia mikono ya Mama. Ilikuwa imeacha kuchambua mboga. Ilikuwa imekaa wazi juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuwekewa kitu.

"Sijaiona, Mama," nikasema. "Hatujaiona sisi wote."

Okeyo akaruka juu. "Unaona! Watu wa kuoa mbali! Anakula sima yetu na kutuvunjia nyumba!"

"Kaa chini," Mama akamwambia. Akakaa. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Okeyo haikufika hata langoni. "Wewe unasema hukumjua Akinyi."

"Sijasema hivyo, Mama."

"Umesema na miguu yako. Okeyo, hii kifua ulinyonya, yeye aliacha maziwa ndani yake. Nilikuwa nakubeba mgongoni nikienda kung'olea yeye majani. Ukilia, nilikuwa nakulaza pale kando yake, unanyamaza. Sasa leo unataka kunionyesha fensi."

Okeyo akaangalia vidole vya miguu yake.

Nikadhani kwangu mimi kumekwisha salama, kwa maana nilisema kweli. Haikuwa hivyo.

"Na wewe," Mama akanigeukia. "Umesema ukweli, vizuri. Lakini umengoja mpaka nikuulize. Kama mimi singeuliza?"

Hilo swali, mwanangu, nimezeeka nalo.

Basi Mama akasema, "Nipelekeni."

"Kwa kitu gani, Mama?" Okeyo akasema, sauti imelegea. "Kijito je?"

"Nipelekeni na chochote."

Dereva ndiye aliyeleta wilbaro ya kubebea mbolea. Akaitandika gunia, akamwinua Mama yeye mwenyewe kama mtu anavyoinua mtungi uliojaa, akamweka ndani. "Shika hapa, Mama. Hii gari haina breki."

"Usiniangushe, mwana wa Kakamega. Nikikufia utanioa kwa nguvu."

"Basi nitaenda polepole sana, Mama. Mke niliye naye ananitosha."

Hata Okeyo alicheka kidogo. Tukamvusha kijito, dereva akisukuma, Okeyo ameshika ukingo mmoja na mimi mwingine, maji yakituingia magotini.

Kule gunda, ardhi nyeusi, majivu yanaruka. Mama akaomba aonyeshwe mahali pa mawe ya meko. Tukayatafuta, tukapata mawili yameungua, la tatu limekwenda. Ndiyo jiko lake. Kutoka hapo akajua mlango ulikaa wapi. Mtoto wa kike hulazwa upande wa kushoto wa nyumba, akasema, ukisimama mlangoni unatazama nje. Akanyoosha mkono. "Pale."

Pale palikuwa na majivu kama kwingine, na vichipukizi vya kijani vilivyotokezwa na ile mvua ya uongo. Vingi, vidogo, vyote vinafanana. Hakuna ua hata moja. Hakuna njano popote.

"Lakini hakuna ua, Mama," nikasema.

"Sasa ni kiangazi. Atoe ua ya nini? Yeye anatoa baada ya mvua ndefu, akimaliza analala. Nyinyi mlitafuta mtu kwa nguo ya Krismasi wakati mtu amelala na blanketi."

Akatuambia tumshushe chini. Tukamweka kwenye majivu. Akaanza kujivuta kwa mikono na goti moja, kanga yake nzuri inaburuzika, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akishika kichipukizi, anakigusa jani. "Huyu laini. Si yeye." Anasogea. "Huyu majani yake inapanda moja moja, kama ngazi. Yule wangu inatoka mbili mbili, inatazamana." Anasogea. Akapata kimoja chenye majani mawili mawili yanayotazamana, akasugua jani kwa kidole gumba, akaniita. "Gusa."

Nikagusa. Lilikwaruza kama ulimi wa paka.

"Hesabu mishipa. Inatoka chini, tatu, inapanda pamoja. Umeona?"

"Nimeona, Mama."

"Bado. Usifurahi." Akakishika chini akavuta. Kikatoka chote, mzizi mweupe mwembamba kama uzi. Akakitupa. "Huyu ni mtoto wa mbegu, amezaliwa jana. Ana uso ya yule, lakini si yule."

Akaendelea. Jasho na majivu vimemfanya mweusi uso mzima. Dereva alikuwa amesimama na kofia kifuani kama yuko kanisani. Kisha Mama akashika kingine, akavuta, hakikuja. Akavuta kwa mikono miwili. Hakikuja. Akafukua udongo kwa kucha, na Okeyo, bila kuambiwa, akapiga magoti akafukua upande wa pili. Chini kulikuwa na gogo la mzizi, gumu kama mti, kichwa chake kimeungua moto, na kuzunguka kichwa hicho kulikuwa na visiki vya mashina ya zamani, vifupi, vimekauka, kimoja kando ya kingine, kila kimoja cha mwaka wake. Katikati yao, machipukizi mapya mawili.

Mama akaweka kiganja juu yake.

"Huyu anakataa kutoka," akasema. "Huyu ndiye."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na mtoto hakuwa wangu. Okeyo akaketi pale chini, mkono wake umebaki ndani ya udongo karibu na mkono wa mama yake, akasema kwa Dholuo neno ambalo hata mimi mgeni nililielewa. Alimwita Akinyi dada yake.

Trekta ililima mpaka jioni. Dereva alizunguka mahali pale kwa upana, na palibaki kama kisiwa. Miwa ilipokua ikapita urefu wa mtu, hungeweza kuona kitu. Lakini kila walipokata miwa, Okeyo alitangulia mbele ya wakataji, akasimama pale mpaka wapite. Na baada ya mvua ndefu, ukiingia kati ya mistari, ulilikuta ua lenyewe, dogo, la njano, halina makeke. Nilimuuliza Mama jina lake. Akanitajia la kwao Nyakach. Kwetu Bunyala linaitwa vingine, na ukienda Seme utasikia jina la tatu. Kwa hivyo wewe sikupi jina, nakupa dalili: majani mawili mawili yanayotazamana, jani linalokwaruza, mishipa mitatu, na mzizi ambao ukiuvuta unakukatalia. Jina utalikuta huko huko utakakokwenda.

Sasa sikiliza nasaha, na sitaipamba.

Nyumba njema si mlango. Usimwite mtu, wala kitu, kwa jina kwa sababu uso wake unafanana na ulioujua. Kijana akija kukuchumbia na maua mkononi, kiangazi chake kikoje? Rafiki anayeng'aa wakati wa mvua, moto ukipita juu yake anarudi? Uliza neno la pili na la tatu. Gusa. Chimba ikibidi, hata ukichafuka. Haraka yako isikufanye ukaleta rangi mahali ulipotumwa mtu.

Mzee akiwa hawezi kutembea, usidhani hawezi kujua. Usimtulize kwa uongo mtamu. Huzuni yake ni mali yake, hana haja ya kudanganywa ndani yake. Mpeleke akajionee, hata kama gari la kumpeleka ni wilbaro ya mbolea. Na ukiwa mgeni kwenye nyumba ya watu, ukaona kweli inafunikwa, usingoje kuulizwa. Mimi nilingoja. Niliulizwa kwa bahati tu.

Na mtoto aliyekufa ni mtoto. Aliyekaa duniani mwezi mmoja ana mahali pake kama aliyekaa miaka mia. Ulizeni wazee wenu waliwalaza wapi, waulizeni wakiwa bado wanaweza kunyoosha mkono na kusema, pale.

Haya, inuka, miguu itakufa ganzi. Mungu akuweke. Akupe mikono isiyoona haya kushika udongo, na ulimi usiongoja kuulizwa. Na akupe, mwanangu, japo mtu mmoja atakayekutambua wakati huna ua hata moja.